Kumtia Mtu Moyo ni Zaidi ya Kumwambia "Utaweza Tu"

Wananchi wanaofika kwenye huduma yetu ya ushauri nasaha hapa Dodoma huuliza swali moja kwa namna nyingi: ni kweli maneno yanaweza kubadilisha maisha ya mtu? Mzazi wa Nkuhungu anauliza kwa sababu mtoto wake amepoteza hamu ya shule. Kijana wa bodaboda pale Majengo anauliza kwa sababu kila asubuhi anasikiliza wahamasishaji kwenye simu, moto unamwaka nusu saa, kisha anarudi kuwa yule yule wa jana. Mkulima wa zabibu anauliza kwa sababu ndugu zake wamemchosha na "Mungu yupo, yatapita", ilhali deni la pembejeo liko pale pale.

Jibu letu ni ndiyo, maneno yana nguvu, na ushahidi upo. Ila nguvu hiyo haitokani na utamu wa neno. Inatokana na kile ambacho neno linamwonyesha mtu: jambo alilolifanya kwa mkono wake mwenyewe, au hatua anayoweza kuifikia kesho. Neno lisiloonyesha chochote hupita kama lilivyokuja, na wakati mwingine humwacha mtu katika hali mbaya kuliko ile lililomkuta nayo.

Tuanze na shule, maana huko ndiko wengi wetu tuliposikia kwa mara ya kwanza hukumu ya mtu ambaye si ndugu yetu. Mwaka 1968 watafiti wawili wa Marekani, Robert Rosenthal na Lenore Jacobson, walichapisha matokeo ya utafiti wao katika shule moja ya msingi huko California. Waliwapa watoto mtihani wa akili, kisha wakawaambia walimu kwamba watoto fulani, kama mmoja kati ya kila watano, watapiga hatua kubwa mwaka ule. Ukweli ni kwamba majina yale yalichaguliwa kwa kubahatisha. Mwisho wa mwaka watoto waliotajwa, hasa wa darasa la kwanza na la pili, walikuwa wamepanda kuwazidi wenzao. Utafiti huo umebishaniwa sana tangu hapo, na wataalamu wengi leo wanaona kwamba matarajio ya mwalimu yana athari, lakini kwa kawaida ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni. Hata hivyo baadhi ya tafiti zilizofuata zimeonyesha kuwa athari hiyo huwa kubwa zaidi kwa watoto wa familia maskini. Sisi wa mkoa ambao mvua ikikatika Februari familia inahesabu debe za mtama zilizobaki, hilo haliwezi kutupita hivi hivi.

Hapakuwa na miujiza katika shule ile. Mwalimu anayeamini kwamba mtoto anaweza humtazama usoni, humpa kazi ngumu kidogo, humsubiri anapokwama, humweleza alipokosea. Asiyeamini husema "kaa chini" na kumgeukia mwingine. Katika darasa lililofurika, kama yalivyo mengi huko Chamwino na Bahi, mwalimu hana muda wa kumsubiri kila mtoto. Basi bila hata kukusudia, humsubiri yule anayemdhania kuwa anaweza. Simlaumu mwalimu wa namna hiyo, mzigo wake naujua. Namwomba tu kila wiki amchague mtoto mmoja ambaye huwa hamsubiri, na amsubiri.

Chukua daftari la Hisabati. Swali linasema: tafuta thamani ya x, ikiwa 2x − 5 = 11. Mtoto ameandika 2x = 11 − 5, chini yake 2x = 6, chini yake x = 3. Mwalimu mmoja anapiga mkasi wa wino mwekundu na kuandika "Huna makini." Mwingine anaweka vema pembeni ya mstari wa mwisho, anazungushia ile alama ya kutoa kwenye mstari wa kwanza na kuandika: "Kugawa umeweza. 5 ikihama, alama yake inakuwaje?" Maneno ya huyu wa pili si matamu hata kidogo, na hayamsifii mtoto kwa jambo ambalo hakulifanya. Lakini mtoto akifungua daftari anajua mambo mawili ambayo hakuyajua: kuna sehemu anaiweza, na kosa lake lina mahali lilipo. Kosa lenye mahali linarekebishika. "Huna makini" haionyeshi mahali popote, kwa hiyo mtoto anaichukua yote na kuibeba yeye mwenyewe.

Wazazi wakisikia haya, wengi hukimbilia sifa. "Mwanangu huyu ana akili, amerithi kwa babu yake!" Hapa napo pana mtego. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya na watoto wa darasa la tano huko Marekani. Watoto walifanya mafumbo wakapata, kisha baadhi wakaambiwa wana akili, wengine wakaambiwa bila shaka wamejitahidi. Walipopewa nafasi ya kuchagua kazi inayofuata, wengi wa waliosifiwa akili walichagua ile ambayo wangeonekana wanaiweza, na wengi wa waliosifiwa jitihada walichagua ile ambayo wangejifunza kitu. Baadaye wote walipewa mafumbo magumu, wakashindwa. Waliporudishiwa ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa akili walishuka na wenzao wakapanda. Kisha walitakiwa kuwaandikia watoto wa shule nyingine alama walizopata, na zaidi ya theluthi ya waliosifiwa akili waliongeza chumvi kwenye alama zao. Mtoto ambaye heshima yake nyumbani imesimama juu ya neno "akili" hana ujasiri wa kukosea mbele ya watu. Atakuficha ripoti ya shule chini ya godoro.

Na jitihada isisifiwe ovyo vilevile. Mtoto aliyekesha akikariri asichokielewa, ukimwambia "umejitahidi sana, endelea hivyo hivyo", umemrudisha kwenye njia ile ile iliyomwangusha. Sifia namna alivyofanya: "Leo nimeona umeanza na maswali magumu kabla hujachoka."

Watu wazima nao wako hivyo. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika kazi yake ya mwaka 1977, alieleza kwamba imani ya mtu katika uwezo wake inatoka katika vyanzo vinne. Kikubwa ni kufanya jambo mwenyewe na kufanikiwa. Kingine ni kumwona mtu wa hali kama yako akifanikiwa. Kisha yapo maneno ya wengine, na mwisho ni hali ya mwili wenyewe, kama moyo kwenda mbio au uchovu. Kwa maneno mengine, kauli peke yake haiwezi kushindana na uzoefu. Lakini inaweza kuuamsha uzoefu uliolala, na hiyo kwangu ndiyo kazi yake kubwa.

Tuseme mizabibu ya jirani yako huko Mpunguzi imeshambuliwa na ubwiri unga, na yeye amekaa kwenye kigoda akisema shamba limemshinda. Unaweza kumwambia "jipe moyo ndugu yangu", akaitika kwa adabu na kubaki pale pale. Au unaweza kumwambia: "Baba Neema, msimu ule mwingine ugonjwa huu ulikupiga vilevile. Ukapunguza majani ili hewa ipite, ukawahi kupiga salfa, na msimu uliofuata ukavuna. Salfa ile ulinunua wapi?" Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mkulima huyu ana kumbukumbu nyingi za kuanguka na kuinuka ndani ya miaka michache. Huzuni imezifunika tu. Wewe umeifunua moja, ukaweka na swali ambalo jibu lake linamtoa kwenye kigoda.

Sasa tuje kwenye hilo la kuwaza chanya, ambalo limejaa kwenye status za WhatsApp. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake, watafiti wa nchini Kanada, walichapisha matokeo ya kuwataka watu wajirudierudie kauli ya kwamba wao ni watu wa kupendwa. Wale ambao tayari walijithamini walipata nafuu kidogo. Wale waliojidharau, yaani wale hasa ambao kauli hizo zinakusudiwa kuwasaidia, walijisikia vibaya zaidi. Ukimlazimisha mtu kusema asichokiamini, moyo wake humjibu kwa kumkumbusha ushahidi wote wa kinyume.

Kuna utafiti mwingine ambao ningependa kila mhitimu wa vyuo vyetu hapa Dodoma aufahamu. Gabriele Oettingen na mwenzake Doris Mayer walifuatilia wahitimu wa chuo kikuu huko Ujerumani, na mwaka 2002 wakachapisha walichokiona. Wahitimu waliokuwa mara nyingi wakijenga picha tamu za kazi nzuri walituma maombi machache, wakapata nafasi chache na mishahara midogo. Waliokuwa na matarajio mazuri, yaani wakiona kwa kutazama mambo waliyoyafanya huko nyuma kwamba kazi wataipata, walifanya vizuri zaidi. Picha tamu ni kama imeshakulipa kabla hujafanya kazi, na mwili unalegea. Matarajio yenye msingi hukusukuma.

Oettingen hakuishia kuwakataza watu kuota. Alifundisha kwamba ukishaona unachokitaka, kitazame pia kwa macho makavu kile kitu kilicho ndani yako kinachokuzuia, kisha ukipangie jibu mapema. Kijana mmoja anayekaa na dada yake Nzuguni anaweza kugundua kwamba kinachomzuia si ukosefu wa nafasi kwenye tovuti ya ajira peke yake. Ni aibu: anaona haya kuomba kazi kwenye duka la mtu aliyeishia kidato cha pili. Akishaijua, anaweza kujipangia, "Jumatatu, aibu ikinijia nikiwa mlangoni, nitasalimia kwanza, halafu nitauliza kama wanahitaji mtu wa kutunza hesabu." Sentensi hiyo ina kazi kubwa kuliko "mimi ni mshindi" mara mia. Na kwa anayesali, hakuna ugomvi wowote kati ya sala na mpango wa Jumatatu.

Tunavyojisemesha wenyewe moyoni ni habari pana. Niseme moja tu. Aaron Beck, daktari wa Marekani aliyeanzisha miaka ya 1960 tiba ya mazungumzo inayotumika sana leo, aliona kwamba wagonjwa wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, wanapitiwa na sentensi fupi za haraka ambazo hawazihoji. "Kila nikigusa biashara inakufa." Mama mwenye kibanda cha mboga akiileta sentensi hiyo kwetu, hatumwambii awaze chanya. Tunachukua karatasi, tunaandika biashara zote alizowahi kufanya na kilichotokea kwa kila moja. Mara nyingi "kila" haistahimili karatasi.

Hapa Dodoma tuna jambo letu la pekee, nalo linaniuma. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe iko kwetu, imehudumia taifa hili tangu enzi za ukoloni, na jina lake tumelifanya tusi. Mtoto akikosea anaambiwa "utapelekwa Mirembe". Kijana akicheka peke yake, wenzake wanamuuliza ametoroka lini. Wanaosema hivyo wanadhani wanatania. Lakini siku binti yule aliyekuwa akitaniwa anapoanza kukosa usingizi na kusikia kwamba dunia imemwelemea, tusi lile ndilo linalomzuia kupanda daladala kwenda kutafuta tiba. Nawaomba wazazi na walimu waliondoe neno hilo vinywani mwao. Hospitali ni hospitali.

Na tutofautishe mtu aliyevunjika moyo na mtu mgonjwa. Ukimwona mtu kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, ana huzuni nzito au hafurahii tena mambo aliyoyapenda, usingizi na hamu ya kula vimebadilika, nguvu zimekwisha, anajilaumu kupita kiasi au anazungumzia kufa, hiyo inaweza kuwa sonona. Sonona ina matibabu, na maneno ya "jikaze" si mojawapo. Kumwuliza waziwazi kama anawaza kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kulitua.

Wenzetu wa Zimbabwe wametuonyesha kwamba msaada wa mwanzo hauhitaji digrii. Mwaka 2006 daktari Dixon Chibanda alianza kuwafundisha akina bibi wa Mbare, mjini Harare, kukaa kwenye benchi la mbao nje ya kliniki na kuzungumza na watu wenye mawazo mazito. Matokeo ya jaribio lao yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kuwa baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi hao walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoongezewa nguvu. Bibi wale hawakuwa wakihubiri matumaini. Walimwacha mtu aeleze shida zake zote, wakamsaidia kuchagua moja, wakatafuta naye hatua ya kuanzia, wakapanga siku ya kurudi kuulizana imefikia wapi. Hiyo siku ya kurudi naisisitiza, kwa sababu sisi wengi tukishasema "pole, utavuka", huwa hatumpigii mtu tena.

Kwa Dodoma, anzia kituo cha afya cha karibu au kwa afisa ustawi wa jamii wa eneo lako, nao watakuelekeza. Mirembe ina kliniki kwa wagonjwa wa kutwa, na kwenda pale si lazima kulazwa. Kwa jambo linalomhusu mtoto, piga namba 116, ni bure. Na kama ndugu yako anazungumzia kujiua leo, usimwache peke yake, ondoa karibu naye sumu za shambani na dawa, na mpeleke hospitali leo hii hii.