Kupiga Windows 7 kwenye laptopu isiyoitaka

Mama mmoja mwenye karakana ya kudarizi aliniletea laptopu yenye prosesa ya Intel kizazi cha sita. "Fundi, nipigie Windows 7, ila iwe ya biti 32." Nikamwangalia mara mbili. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Lakini alikuwa na hoja: mashine yake ya kudarizi bado nzima, na draiva yake, programu inayoiwezesha kuongea na kompyuta, ni ya mfumo huo tu. Laptopu ya zamani ndiyo iliyokufa.

Mafundi wengi hukwamia hapa. Flashi inawaka vizuri, unachagua lugha, unabonyeza kusakinisha, mara inakudai draiva ya CD/DVD. Laptopu yenyewe haina hata mlango wa CD! Fundi anadhani flashi ni mbovu, anaiandaa upya, mara tatu, mara nne.

Flashi haina kosa. Mwanzoni anayeisoma ni BIOS, programu ya ndani inayoiwasha laptopu, ambayo inaijua milango yake ya USB. Windows ikishapanda kwenye RAM, inaitafuta flashi yenyewe, na haioni kitu. Mfumo huu ulitoka mwaka 2009 bila draiva ya USB 3.0. Laptopu za zamani zilikuwa bado na kidhibiti cha USB 2.0, ukajishikiza hapo. Kuanzia kizazi cha sita, mwaka 2015, Intel wakakiondoa. Ukiiweka draiva kwenye flashi hiyohiyo hujafanya kitu, maana umefungia ufunguo ndani ya nyumba. Na usidanganyike na kibodi. Mausi ya USB itakufa, lakini kibodi ya laptopu mara nyingi inaendelea kuandika kwa sababu ndani bado inapita njia ya kizamani ya PS/2.

Dawa ni kuziingiza draiva ndani ya faili za Windows kabla ya kuandaa flashi, kwa kutumia DISM, zana ya Windows ya kuhariri faili hizo, kwenye kompyuta nyingine. Faili ya boot.wim, inayowaka kwanza kutoka kwenye flashi, ina sehemu mbili, na namba 2 ndiyo inayoendesha usakinishaji. Wengi wanaingiza namba 1 peke yake kisha wanalalamika. Halafu ingiza pia kwenye install.wim, yenye Windows yenyewe itakayokaa kwenye diski, la sivyo utamaliza kila kitu, dawati litokee na picha yake nzuri, na mausi isisogee. Ukifunga faili kwa /Discard badala ya /Commit, yaani hifadhi, kazi yote imepotea. Hilo najua kwa machungu.

Kwenye BIOS nilizima Secure Boot, kinga inayokataa mifumo isiyoitambua, nikawasha Legacy, uwashaji wa kizamani. Windows 7 ya biti 32 haiwaki kwa UEFI ya biti 64, yaani uwashaji wa kisasa, na hata ile ya biti 64 isipopata CSM, sehemu ya UEFI inayoiga BIOS ya zamani, huganda pale "Starting Windows". Laptopu nyingi za sasa hazina CSM kabisa. Hizo sizigusi, namrudishia mtu mashine yake. Legacy inataka diski iliyogawanywa kwa mtindo wa zamani wa MBR, kwa hiyo diski ilifutwa yote, baada ya picha za harusi kuhamishwa. Bahati ilikuwa SSD ya SATA. Ingekuwa NVMe, aina mpya zaidi ya SSD, ningeongeza viraka vya Microsoft KB2990941 na KB3087873, na bado laptopu nyingi haziwashi NVMe kwa Legacy.

Wi-Fi nimeizima hukohuko kwenye BIOS. Michoro italetwa kwa flashi. Mfumo usiopata viraka vya usalama hauna shughuli mtandaoni.

Alipokuja kuichukua alifungua taarifa za kompyuta, akasoma: RAM 8, inayotumika 3 na ushee. "Fundi, nyingine umeipeleka wapi?"

Nikamweleza kwamba Windows 7 ya biti 32 haivuki GB 4 za RAM. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akavuta kiti. Nikachukua bisibisi, nikafungua kifuniko cha chini, tukasoma wote wawili kibandiko cha RAM.