Siasa Ikiingia Mashine Ikiwa Wazi: Dhana Potofu za Kijiweni na Ukweli Wake

Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani. Taa zao hazina kazi usiku ambao mwezi wenyewe unamulika. Mitumbwi inavutwa mchangani, na mashine zinabebwa mabegani kuletwa kwetu. Kwa sisi mafundi wa mashine za boti upande wa Kirumba, hapa Mwanza, hizo ndizo siku za kazi. Ndizo pia siku za ubishi. Matajiri, yaani wenye boti, wapo, wavuvi wapo, mama wa chai yupo, kila mtu ana muda. Tunasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka, mmoja anaguna kuhusu bei ya petroli, na chai haijapoa tumeshafika Dodoma.

Nimekaa kwenye kijiwe hiki miaka kumi na minne. Nimeona ubishi wa siasa ukimfanya mvuvi asiyejua kusoma aielewe bajeti ya serikali, na nimeuona ukiwatenganisha mafundi wawili waliofundishwa kazi na mzee mmoja. Kuna maneno tunayoyarudia kuhusu ubishi huu mpaka tumeyafanya kuwa kweli. Mengine yametugharimu, na ndiyo maana nayaandika.

“Fundi mzoefu mikono yake inajua kazi, mdomo uende unakotaka”

Hili hata mimi nililiamini. Kisha ikaja siku ambayo mwenzangu, mzoefu kunizidi, alikuwa ameifungua mashine yenye nguvu za farasi kumi na tano kubadilisha impela. Impela ni kigurudumu cha mpira chenye mapezi, kinachovuta maji ya ziwa na kuyapandisha juu kupooza injini. Kinashikana na shafti kwa kipande cha chuma kisichozidi ukucha wa kidole cha mwisho, tunakiita kii. Kii isipokuwepo, shafti inazunguka na impela imelala.

Ilikuwa msimu wa uchaguzi. Mtu akatamka jambo kuhusu mgombea wake, mwenzangu akaiweka kii juu ya kopo la grisi, akasimama kumjibu. Wakajibizana muda mrefu. Aliporudi kukaa bado alikuwa anaongea, akafunga mashine yote, boliti zote zimekazwa sawasawa. Kwa kawaida mashine ikishafungwa tunaitumbukiza kwenye pipa la maji, tunaiwasha, tunatazama kama maji ya kupooza yanaruka kwa nyuma. Siku ile pipa nalo likarukwa. Mbalamwezi ilikuwa inaisha, tajiri alikuwa na haraka, na sisi sote tulikuwa na hasira na mtu fulani.

Usawa wa Bwiru mashine ikazima. Pistoni ilikuwa imeng'ang'ania silinda kwa joto. Vijana wanne wakarudi kwa makasia usiku, na namshukuru Mungu upepo ulikuwa umelala. Asubuhi niliikuta ile kii pale pale juu ya kopo la grisi.

Anayedhani huu ni uzembe wa mafundi wa ufukweni asikie habari ya tarehe 11 Septemba 1974. Ndege ya Eastern Air Lines, safari namba 212, ilikuwa inakaribia kutua Charlotte nchini Marekani, asubuhi yenye ukungu. Ndani walikuwa watu 82. Marubani wake walikuwa wenye sifa kamili. Kinasa sauti kilipochunguzwa, kilionyesha kwamba katika dakika za kushuka walikuwa wakizungumza mambo yasiyohusu kazi, yakiwemo siasa na magari ya mtumba. Ndege iligonga ardhi kabla ya kuufikia uwanja, na watu zaidi ya 70 wakafa. Mwaka 1981 mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo ikatoa kanuni: ndege ikiwa inaruka, inatua, au iko chini ya futi 10,000 kabla safari haijatulia angani, hakuna mazungumzo yasiyohusu kazi ndani ya chumba cha rubani.

Kanuni hiyo naisoma kwa makini kwa sababu ya kile isichokisema. Haikuwaambia marubani wasiwe na vyama, wala wasiongelee siasa maisha yao yote. Imeweka saa.

“Basi dawa ni kupiga marufuku siasa kijiweni”

Nimeona vibanda vilivyoandika hivyo ukutani kwa rangi. Nawaelewa wenyewe, wamechoka na ugomvi. Ila anayeandika hivyo hajajiuliza siasa inaanzia wapi.

Mashine zetu nyingi zinakunywa petroli iliyochanganywa na oili, lita moja ya oili kwa lita hamsini za petroli. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA, mamlaka ya serikali inayodhibiti nishati na maji, inatangaza bei kikomo, na bei ya Mwanza inakuwa juu kuliko ya Dar es Salaam kwa sababu mafuta yanasafirishwa kutoka bandarini hadi huku. Mvuvi akiuliza kwa nini serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwenye mafuta mwaka 2022, na kama inaweza kuweka tena, hiyo ni siasa au ni kazi? Mwaka 2018, nyavu zilipokuwa zinachomwa moto katika Operesheni Sangara ya kupambana na uvuvi haramu, wateja wetu walikosa hela ya kununua hata plagi. Tungewaambia wasizungumzie jambo hilo kibandani?

Na Kanda ya Ziwa tunayo historia yetu wenyewe ya marufuku ya namna hii. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, serikali ya kikoloni iliizuia kufanya kazi Jimbo la Ziwa, na zuio hilo likadumu hadi 1958. Je, watu wa huku walikaa bila siasa miaka hiyo? Wakulima wa pamba tayari walikuwa na neno lao, na lilianzia kwenye jambo la kiufundi kabisa: mizani. Waliona kilo zao zinapungua wanapouza. Wakaweka watu wao wa kuhakiki vipimo, wakajipanga katika vyama vya ushirika, na kufikia mwaka 1955 shirikisho lao la Victoria, VFCU, lilikuwa limesimama, Paul Bomani akiwa kiongozi wake. Huyo Bomani, aliyewahi kufanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika hapa Mwanza, ndiye aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya Tanganyika, mwaka 1962.

Kwa hiyo siasa iliyofungiwa mlango wa mbele iliingia kwa mlango wa mizani, na ilikuwa siasa ya haki. Kwangu mimi swali kijiweni si kama jambo ni la siasa. Swali ni je, linamhusu huyu mwenye mashine na huyu mwenye spana, na je, mashine iko wazi au imefungwa. Bei ya petroli inatuhusu. Nani alimtukana nani kwenye mkutano wa jana inaweza kusubiri.

“Ukimwonyesha mtu ukweli ndiyo anazidi kukaza shingo”

Hii inasemwa na waliokata tamaa, na wengine wanaitaja kama sayansi. Ni kweli ilikuwa na msingi. Mwaka 2010 watafiti wawili wa Marekani, Brendan Nyhan na Jason Reifler, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watu walioamini Iraq ilikuwa na silaha za maangamizi, waliposahihishwa, waliamini zaidi kile kile kisicho kweli. Habari hiyo ikaenea dunia nzima. Iliyofuata haikuenea. Wenzao Thomas Wood na Ethan Porter walirudia jambo hilo kwa watu zaidi ya 10,000 na mada 52, na ule ukaidi wa kukaza shingo hawakuuona, isipokuwa kwa nadra sana. Walio wengi wakionyeshwa takwimu sahihi wanasogea kuelekea kwenye ukweli. Nyhan na Reifler wenyewe baadaye walifanya kazi pamoja na hao wawili, wakakuta jambo ambalo mimi naliona kila siku: mtu anakubali namba, ila habadilishi mgombea.

Hapo ndipo tunapokosea kijiweni. Tunamwonyesha mwenzetu takwimu, anakubali moyoni, sisi tunataka avue na fulana ya chama hapo hapo mbele ya mama wa chai. Asipovua tunasema ni mbishi. Na kubadilika watu hubadilika, kwa muda wao. Mwaka 2010 majimbo yote mawili ya jiji letu, Nyamagana na Ilemela, yalikwenda CHADEMA. Mwaka 2015 yote mawili yakarudi CCM. Mitaa ni ile ile. Sijawahi kumwona hata mtu mmoja aliyebadilika akiwa katikati ya kupigiwa kelele.

“Ni kama Simba na Yanga tu”

Si kama Simba na Yanga. Yanga akifungwa Jumamosi, Jumatatu tunacheka wote, na hakuna aliyeongezewa ushuru. Siasa inagusa nyavu, leseni, kazi ya mtoto na kaburi la ndugu. Anayemwambia mwenzake “acha ku-panic, ni mchezo” wakati mwenzake nyavu zake zilichomwa, anamkosea heshima.

“Kijiwe chetu kina umoja, hakuna anayepinga”

Dhana hii inaniuma kuliko zote. Tuliwahi kupitia kipindi ambacho kijiwe kizima kilielekea upande mmoja. Hakukuwa na ugomvi. Tulijisifu kwamba tumeelewana.

Tulikuwa na kijana wa Ukerewe aliyekuwa anajifunza kazi, mtoto mwenye akili, anayeuliza. Alikuwa na tabia ya kuchuchumaa karibu na mkono wako na kuuliza, “Mjomba, kwa nini hiki kinakaa hivi?” Siku moja wakubwa walitamka maneno makali juu ya watu wa upande ambao, kumbe, ndio wa baba yake. Hawakumtaja yeye, wala hawakujua. Tangu siku ile hakuuliza tena. Anaosha vipuri, anapanga spana, amenyamaza. Nilidhani amekomaa. Wiki kadhaa baadaye alikosea uwiano wa oili, akachanganya nusu ya kinachotakiwa. Nilipomuuliza kwa nini hakuuliza, akasema kwa upole, “Nilihofia mngesema watu wa kwetu ndivyo walivyo.”

Mazungumzo ya siasa yalikuwa yamechukua swali la petroli na oili mdomoni mwa mwanafunzi. Ninapoambiwa kijiwe fulani kina umoja, siku hizi naangalia kama wadogo bado wanauliza.

“Kibanda ni changu, fundi wa chama kile simtaki”

Kwa hili sina mengi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja maoni ya kisiasa kwa jina, pamoja na kabila, dini na jinsia, miongoni mwa mambo ambayo mwajiri haruhusiwi kumbagulia mfanyakazi. Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kuwa na maoni na kuyaeleza. Ukiwa na sababu ya kazi, kama fundi anaharibu mashine, ieleze hiyo sababu. Kura yake ni siri yake.

Sisi hatukuandika chochote ukutani. Baada ya ile kii na baada ya yule kijana, tulikaa chini mafundi wote sita, tukakubaliana jambo moja. Mashine ikiwa wazi, mazungumzo ni ya mashine hiyo. Ikishaingia kwenye pipa na maji yakaruka, gazeti linafunguliwa na kila mtu aseme lake, hata kwa sauti. Na yeyote, mkubwa au mdogo, akiona mtu anaanza kabla ya wakati, anagonga pipa kwa spana.

Jumatano iliyopita bei mpya ilitoka asubuhi. Nilikuwa na kabureta mkononi, vipande vyake vimepangwa kwenye kitambaa, nikaanza kumweleza mzee mmoja mwenye boti maoni yangu kuhusu kodi ya mafuta. Nilikuwa nimesema sentensi tatu. Pipa likagongwa nyuma yangu. Nikageuka, ni yule kijana wa Ukerewe, amenikazia macho. “Mjomba, bado iko wazi.”

Nikainama, nikahesabu vipande kwenye kitambaa, nikaendelea kufunga.