Hema Likishakunjwa

"Daktari, nilikuwa jikoni. Mbona sikusikia?" Mama huyo wa kutoka Nyando alikuwa ameishika simu ya marehemu mwanawe mapajani. (Amenipa ruhusa ya kumsimulia, na nimebadilisha mambo kadhaa.) Mimi si daktari, ni mshauri nasaha hapa Kisumu, ila nimechoka kuwasahihisha watu.

Sikumjibu. "Mbona" ya msiba wa kujiua haitaki jibu, inataka mtu wa kuketi nayo. Wageni wa kazi hii hukimbilia kusema "usijilaumu", na mfiwa hunyamaza papo hapo. Mimi husema, "Nieleze siku ile ilivyokuwa." Aliieleza mara nne. Mara ya nne ndipo alipokumbuka kwamba asubuhi walikunywa chai pamoja na kijana akacheka.

Msiba huu una mzigo wake. Polisi huandika taarifa, mwili hufanyiwa upasuaji mochari, na wafiwa hujiona kama washukiwa. Kuna boma huku magharibi ambako wazee bado hutaka aliyejiua azikwe usiku, bila matanga. Sheria nayo iliongeza aibu: Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimtishia aliyejaribu kujiua kifungo cha hadi miaka 2, mpaka Mahakama Kuu ilipokibatilisha Januari 2025. Ndiyo maana nasema "alifariki kwa kujiua", na jina la marehemu nalitaja. Majirani wakiliogopa, mama huona kama mwanawe amefutwa.

Wiki ya kwanza watu hufurika na sukari na unga. Hema likishakunjwa na viti vya kukodi kurudishwa, ndipo simu yangu huanza kulia. Hapo humuuliza mfiwa waziwazi kama naye anawaza kujiua. Kuuliza hakumpandikizi mtu wazo hilo, na waliofiwa hivi wamo hatarini kuliko wengi. Akikubali, simwachi peke yake. Tunakwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nami je? Kuna mwaka nilikuwa napokea simu hadi saa sita usiku, nikijiambia huo ndio wito. Jioni moja mwanangu aliangusha kikombe, nikamfokea hadi akajikunyata nyuma ya kochi. Kikombe chenyewe cha plastiki. Hata hakikuvunjika.

Siku hizi kila wiki mbili nami naketi mbele ya mshauri anayenisimamia, nalia nikihitaji. Simu ya kazi naizima saa mbili usiku, na wateja wangu wanajua nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199, ambayo kupiga ni bure. Familia mbili mpya za msiba huu sizipokei wiki moja, hata nikibembelezwa. Na baada ya kikao kizito siendi nyumbani moja kwa moja. Napitia soko la Kibuye kubishania bei ya omena na mtu asiyejua nimetoka wapi.

Yule mama bado huja. Juzi ile simu ilikuwa imezimwa, lakini alikuja nayo.