Maana ya hitilafu ya vipindi katika sensa za injini

Hitilafu ya vipindi ni kasoro inayojitokeza kwa muda, ikatoweka bila kutengenezwa, kisha ikarudi pale hali iliyoizaa inapojirudia. Katika gari la umri mkubwa ambalo injini yake huongozwa na kompyuta, kasoro ya namna hii huonekana sana kwenye mfumo wa sensa, yaani vifaa vinavyopima hali ya injini na kuiarifu kompyuta: injini inazimika ikishapata moto, inawaka tena ikipoa, na gari linapofikishwa kwa fundi kila kipimo kinasoma sawasawa.

Sensa ya joto la maji inaeleza vizuri jinsi jambo hili linavyotokea. Kompyuta huipa volti 5 kupitia kizuizi cha umeme kilichomo ndani ya kompyuta, na ukinzani wa sensa (kiasi inavyozuia umeme, kinachopimwa kwa omu) hupungua kadiri maji yanavyopata moto: katika magari mengi ni kati ya omu 2,000 na 3,000 kwenye nyuzijoto 20, na omu mia mbili au tatu hivi injini ikishafikia joto la kazi. Waya ukiachia hata kwa nukta chache, kompyuta huona volti imepanda kabisa, ikadhani maji ni ya baridi kali, na huenda ikaongeza petroli isiyohitajika. Kodi P0118, yaani alama ya kasoro ambayo kompyuta huihifadhi hapo, inasema tu kwamba volti ya saketi ilizidi kiwango. Haisemi kama kilichokatika ni sensa, waya au pini ya soketi.

Kubadilisha sensa kwa sababu kodi imeitaja ni kubahatisha, tena bahati yenyewe ina hila. Soketi kuukuu inapochomolewa na kuchomekwa tena, pini husuguana na kutu hukwanguka, hivyo gari hutulia kwa muda na sifa zote zikaenda kwa sensa mpya, ilhali pini ni ileile iliyolegea.

Uchunguzi wa maana huanza kwa kuuliza kasoro hutokea lini: wakati wa moto, mvua, mtikisiko au gari likigeuza kona. Magari yanayofuata OBD-II, mfumo wa kompyuta ya gari kujichunguza kasoro uliolazimishwa Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996, huhifadhi pamoja na kodi picha ya hali ya injini wakati huo, yaani kasi, mizunguko na joto. Kwa hiyo kodi isifutwe wala betri isichomolewe kabla taarifa hizo hazijaandikwa. Magari ya zamani zaidi, ambayo mengi hutoa kodi kwa kumemetesha taa ya injini, hayatoi msaada mkubwa hivyo.

Baada ya hapo, hali inayoleta kasoro huigizwa kwa makusudi. Injini ikiwa inaunguruma, fundi hutikisa fungu la waya kipande kwa kipande, akizingatia zaidi pale linapopita karibu na bomba la moshi au linapokunjika, huku akiangalia kipimo. Sensa inayoshukiwa hupulizwa kwa kikausha nywele, na soketi hunyunyiziwa maji kidogo. Sensa ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na injini) yenye koili ya waya ni mfano maarufu, kwa kuwa uzi wake mwembamba uliokatika unaweza kugusana ukiwa baridi na kuachana ukitanuka. Ipimwe mara tu injini inapozimika, kabla haijapoa. Multimita ya kidijitali inaweza kukosa kuona mkatiko wa kufumba na kufumbua, na hapo osiloskopu, kifaa kinachochora mabadiliko ya volti kwenye skrini, hufaa zaidi.

Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye ncha hasi ya betri, nayo isisahauliwe. Injini ikiwaka, taa na feni zikiwa zimewashwa, volti kati ya waya wa ethi wa sensa na ncha hasi ya betri ikizidi takribani 0.1, njia hiyo ina kasoro, na inaweza kuvuruga usomaji wa sensa kadhaa kwa pamoja.

Matengenezo yakishafanywa, hali iliyokuwa ikileta kasoro hurudiwa, kwa joto lilelile na mtikisiko uleule, kabla ya kasoro kuhesabiwa kuwa imekwisha.