Muhammad Ali: yanayosemwa na yaliyotokea

Ukisikiliza mabishano ya kijiweni kuhusu Muhammad Ali, utadhani alisilimu, akakataa jeshi, akaenda hija na kumwangusha bondia George Foreman ndani ya mwaka mmoja. Makosa mengi yanayorudiwa juu yake ni ya tarehe. Jambo la 1975 hupelekwa 1964, na la Malcolm X hubandikwa kwake. Zikipangwa tarehe, mengi hunyooka.

Dhana: Alisilimu siku moja baada ya kuwa bingwa, na aliyemsilimisha ni Malcolm X.

Siku ile alitangaza tu. Tarehe 25 Februari 1964, huko Miami Beach, Sonny Liston alibaki kwenye kigoda chake kengele ya raundi ya 7 ilipolia, na kijana wa miaka 22 aliyeitwa Cassius Clay akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kesho yake akawathibitishia waandishi wa habari kwamba ni mfuasi wa Nation of Islam, kundi la watu weusi wa Marekani lililojiita la Kiislamu. Lakini habari za kundi hilo alizisikia tangu 1959, alipokwenda Chicago kwenye Golden Gloves, mashindano ya ngumi za ridhaa, na kufikia 1961 alikuwa akihudhuria mikutano yao Miami. Malcolm X, mhubiri maarufu wa Nation, alikutana naye Detroit mwaka 1962. Alimkuta ameshaingia, akawa mlezi na rafiki yake.

Alificha kwa sababu iliyo wazi. Promota wa pambano la Liston alipogundua ukaribu wake na Malcolm alitishia kulifuta, na Malcolm ikabidi aondoke Miami hadi siku ya pambano ikaribie. Bondia anayesubiri nafasi ya ubingwa hana ubavu wa kubishana na mwenye tiketi.

Tarehe 6 Machi 1964 Elijah Muhammad, kiongozi wa Nation, akampa jina la Muhammad Ali. Siku mbili baadaye Malcolm akatangaza kujitoa kwenye kundi. Ali akabaki na Elijah. Walipokutana Accra mwezi Mei mwaka huohuo, Ali alimgeuzia mgongo. Malcolm aliuawa Februari 1965, na miaka mingi baadaye Ali alikiri kwamba kumgeuzia mgongo ni miongoni mwa makosa aliyoyajutia zaidi maishani.

Dhana: Uislamu alioingia mwaka 1964 ndio huuhuu wa misikitini kwetu.

Hapa ndipo penye mkorogo mkubwa kuliko pote. Nation of Islam ilianzishwa Detroit mwaka 1930 na Wallace Fard Muhammad. Mafundisho yake yalisema Fard ndiye Mungu aliyekuja katika umbo la mtu, Elijah ni mtume wake, na watu weupe walitengenezwa na mwanasayansi mmoja wa kale aliyeitwa Yakub. Saumu yao ilifungwa Desemba, si Ramadhani. Mwislamu wa Lamu au wa Muscat hahitaji sheikh wa kumwambia kwamba hapo shahada yenyewe imeguswa. Hata hivyo walikataza nguruwe, pombe, sigara na kamari, wakasisitiza usafi na kujitegemea. Kwa kijana mweusi aliyekulia Louisville, Kentucky, katika mji wa ubaguzi, hayo ndiyo yaliyomvuta kwanza.

Zamu ya pili ilikuja 1975. Elijah Muhammad alifariki tarehe 25 Februari mwaka huo, na mwanawe Wallace, aliyejulikana baadaye kama Warith Deen Mohammed, akashika uongozi. Aliondoa fundisho la uungu wa Fard na lile la Yakub, akafungua milango kwa watu wa rangi zote, akawarudisha wafuasi kwenye swala tano na Ramadhani. Ali alimfuata. Louis Farrakhan alipoifufua Nation ya zamani miaka michache baadaye, Ali hakurudi huko.

Wapo wanaoshikilia kwamba hija ndiyo iliyombadilisha. Wanamchanganya na Malcolm, aliyehiji Aprili 1964 na kurudi mtu mwingine. Ali alihiji mwaka 1972 akiwa bado mfuasi wa Elijah, akaendelea kuwa hivyo kwa miaka mitatu.

Wala Nation haikuwa ikimpapatikia muda wote. Elijah hakupenda michezo ya kulipwa. Mwaka 1969, Ali aliposema kwenye televisheni kwamba angerudi ulingoni kwa sababu anahitaji pesa, alisimamishwa mwaka mzima na kuambiwa hata jina la Muhammad Ali asilitumie. Na huku kaya ileile ikimkemea, meneja wake alikuwa Herbert Muhammad, mtoto wa Elijah.

Dhana: "Clay" lilikuwa jina la bwana aliyewamiliki babu zake.

Ali mwenyewe aliliita jina la mtumwa, na kwa watu weusi wa Marekani hoja hiyo ina uzito. Ila Cassius Marcellus Clay wa karne ya 19, ambaye jina lake lilirithiwa na baba yake Ali na kisha yeye, alikuwa mkulima mzungu wa Kentucky aliyewaacha huru watumwa wake na kupiga kampeni dhidi ya utumwa. Magazeti mengi yaliendelea kumwita Clay kwa miaka. Bondia Ernie Terrell alipofanya hivyo kabla ya pambano lao la Februari 1967, Ali alimpiga raundi zote 15 huku akimuuliza: "Jina langu ni nani?"

Dhana: Alifungwa jela miaka mitano kwa kukataa vita vya Vietnam.

Alihukumiwa, hakutumikia kifungo hicho. Mlolongo wake ni huu. Mwaka 1964 alishindwa mtihani wa uelewa wa jeshi, akaachwa. Mwaka 1966 kiwango cha kufaulu kilishushwa, akageuka mtu anayefaa kuitwa. Akaomba asamehewe kwa sababu za kidini. Jaji mstaafu aliyesikiliza ombi hilo alimwona mkweli na akapendekeza likubaliwe, lakini Wizara ya Sheria ikapinga na bodi ya rufaa ikalikataa bila kutoa sababu. Kumbuka hilo la kutotoa sababu.

Tarehe 28 Aprili 1967, Houston, jina lilipoitwa alikataa kupiga hatua mbele. Siku hiyohiyo tume ya ngumi ya New York ilisimamisha leseni yake, nyingine zikafuata. Tarehe 20 Juni mahakama ikampa miaka mitano na faini ya dola 10,000. Alikuwa nje kwa dhamana, lakini pasipoti imechukuliwa: ndani hapigani, nje haendi. Alijikimu kwa kuhutubia vyuoni. Siku chache alizowahi kulala ndani, Desemba 1968 huko Miami, zilikuwa za kosa la kuendesha gari bila leseni halali.

Kati ya pambano lake na Zora Folley, Machi 1967, na lile la Jerry Quarry, Oktoba 1970, hakupanda ulingoni. Hiyo ni miezi 43, kuanzia umri wa miaka 25 hadi 28. Mtu aliyejengwa juu ya miguu alinyang'anywa miaka ya miguu. Aliyerudi alikuwa bondia mwingine: anasimama zaidi, anapigwa zaidi.

Dhana: Mahakama ya Juu ilisema alikuwa na haki ya kukataa vita.

Ilimwachia tarehe 28 Juni 1971 kwa kura 8 kwa 0, Jaji Thurgood Marshall akiwa amejitoa. Sababu yenyewe ni nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ilimtaka mwombaji atimize mambo matatu: apinge vita vya aina yoyote, msimamo wake utokane na dini, na awe mkweli. Mbele ya Mahakama ya Juu serikali ilikubali kwamba ya pili na ya tatu anayo. Ilibaki ya kwanza, kwa kuwa Ali alikuwa amesema angepigana vita vilivyoamriwa na Mwenyezi Mungu. Lakini kwa vile bodi haikusema ilimkatalia kwa lipi, haikuwezekana kujua kama ilitumia sababu batili, na hukumu ikaanguka. Mwanzoni majaji walielekea kumtia hatiani kwa kura 5 kwa 3. Jaji John Harlan alipobadili mawazo zikawa 4 kwa 4, na hiyo njia ya kiufundi ndiyo iliyowaunganisha. Jina la kesi kwenye vitabu vya sheria? Clay dhidi ya Marekani. Mwaka 1971.

Dhana: Hakuwahi kushindwa.

Mapambano 61, ushindi 56, kati yake 37 kwa KO. Alishindwa mara tano: Joe Frazier (1971), Ken Norton (1973, taya likavunjika), Leon Spinks (Februari 1978), Larry Holmes (1980) na Trevor Berbick (1981). Nne ni kwa pointi. La Holmes pekee ndilo lililosimamishwa, kona yake ilipomzuia kutoka baada ya raundi ya 10. Mtu akikuambia Frazier alimshinda kwa KO, ni kwamba Ali aliangushwa raundi ya 15, akainuka na kumaliza.

Dhana: Kinshasa alilala kwenye kamba hadi Foreman akachoka mwenyewe.

Itazame tena raundi ya 1 ya pambano lake la 1974 na George Foreman, aliyekuwa bingwa. Ali alianza kwa kurusha mkono wa kulia moja kwa moja bila kutanguliza jabu, ile ngumi ya haraka ya mkono wa mbele. Mkono wa nyuma una safari ndefu, bondia makini huuona unakuja, ndiyo maana mabingwa hawautarajii. Foreman aliula mara kadhaa. Kamba zilianza kazi raundi ya 2.

Mbinu ina sehemu zake. Viwiko vinabana mbavu, glovu ziko kwenye mashavu, mgongo unaegemea kamba ili kamba zimeze sehemu ya nguvu ya ngumi, na kichwa kinavutwa nyuma nje ya ulingo ambako mkono wa mpinzani unafika umechoka. Akikaribia, unamshika shingo kwa nyuma na kumkandamiza abebe uzito wako. Sekunde za mwisho za raundi ndizo za kujibu, maana majaji huzikumbuka. Mpango ulifaa kwa Foreman kwa sababu alizoea kazi fupi: Frazier na Norton aliwamaliza ndani ya raundi 2 kila mmoja. Pambano lilianza kama saa kumi alfajiri ya 30 Oktoba 1974, kuendana na saa nne usiku ya New York, katika joto la unyevu la Kinshasa. Ali alikuwa akiongoza kwa majaji wote watatu alipomwangusha raundi ya 8. Hakuwa akisubiri bahati.

Mabondia wengi wa mitaani huiga mbinu hii na kuumia. Wanasahau kujibu, wanaachia viwiko, au wanaitumia kwa mpinzani mwenye pumzi. Ali naye aliilipia: ngumi za mbavuni hazipotei hewani.

Dhana: Ngumi ni haramu, hivyo Uislamu wake ulikuwa wa jina.

Katazo la kupiga uso limo katika hadithi za Bukhari na Muslim, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Baraza la Fiqhi la Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, likikutana Makka, lilitoa uamuzi wa kuharamisha ndondi mwaka 1987. Ali alikuwa amestaafu miaka sita kabla. Kumpima imani kwa fatwa iliyomkuta nyumbani ni kuanza na hukumu kabla ya ushahidi.

Vilevile husemwa kwamba mwishoni aliiacha dini. Alisoma maandishi ya kisufi uzeeni, ni kweli, lakini Hollywood ilipompa nyota mwaka 2002 alikataa isiwekwe sakafuni, jina la Mtume lisije likakanyagwa. Ipo ukutani. Alifariki 3 Juni 2016, akaswaliwa tarehe 9 Louisville, Imam Zaid Shakir akiongoza. Ile hafla ya viongozi wa dini mbalimbali iliyoonyeshwa duniani kote ilikuwa kesho yake.

Dhana: Alitupa medali yake ya Roma mtoni.

Kisa cha medali ya Olimpiki aliyoishinda Roma mwaka 1960 kuzama mto Ohio kilitokea kwenye kitabu cha maisha yake cha 1975. Watu wake wa karibu walisema medali ilipotea tu. Alipewa nyingine Atlanta mwaka 1996.

Dhana: Ali alikuja Dar es Salaam kwa mambo ya ngumi.

Alikuja Februari 1980 kama mjumbe wa Rais Jimmy Carter, kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti wameingia Afghanistan. Mwalimu Nyerere hakumpokea. Waandishi wakamuuliza mbona Marekani haikuungana na Afrika kususia Montreal 1976, baada ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Ali akakiri kwamba hilo hakuambiwa na waliomtuma. Akaenda Nairobi na kwingineko, na Kenya haikwenda Moscow. Tanzania ilikwenda. Filbert Bayi akapata fedha katika mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui akapata fedha mita 5,000, na hadi leo hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kushinda.