Mwalimu wa Kiingereza aliye peke yake shuleni

Ingia shule nyingi za sekondari za kata huku Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, uliza idara ya Kiingereza. Utaonyeshwa mtu mmoja. Anafundisha kidato cha kwanza mpaka cha nne, na pengine hata si somo lake: alisomea Historia na Jiografia, akaombwa ashike na Kiingereza "kwa muda". Muda huo haujaisha hadi leo. Mzigo wake si wa somo moja, kwa sababu mtoto aliyesoma msingi kwa Kiswahili anakutana na Fizikia kwa Kiingereza akifika kidato cha kwanza, na asipoelewa, ofisi nzima inamgeukia mwalimu wa Kiingereza.

MEWAKA, ule mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unataka walimu wakae pamoja shuleni kwao, wajadili ufundishaji na kupeana mbinu. Wazo ni zuri. Shida ni kwamba huyu ndugu yetu, akitaka kujadili ufundishaji wa insha, hana wa kujadiliana naye. Mwalimu wa Baiolojia atamsikiliza kwa adabu, kisha atarudi kwenye madaftari yake.

Kazi yangu ni kuwawezesha walimu wa somo hili, na siku hizi nawaambia jambo moja: tafuta shule mbili au tatu zinazofikika kwa bodaboda, na mkikutana muwe na kazi mezani. Usianze na wilaya nzima. Makundi ya WhatsApp ya wilaya tunayajua: wiki ya kwanza maandalio ya somo, ya pili picha za semina, kisha rambirambi na michango ya harusi. Sina ugomvi na michango, lakini Kiingereza hakimo. Semina ya posho nayo, posho ikikatika na watu wamekatika.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni kusahihisha insha pamoja. Kila mmoja analeta insha chache ambazo bado hazijaguswa kwa kalamu nyekundu. Insha inazunguka, kila mtu anaandika alama zake kwenye kikaratasi pembeni, halafu vikaratasi vinafunuliwa kwa pamoja. Katika kikao kimoja, mwanafunzi wa kidato cha pili alikuwa ameandika juu ya usiku ambao wezi walivamia korosho za babu yake. Nyakati zimechanganyika vibaya, leo na jana ziko kwenye sentensi moja, ila kisa kina kichwa na miguu, na mbwa anayebweka kwa wakati wake.

"Madam, umempa ngapi?"

"Nne. Sarufi imekufa hapa, Mwalimu."

"Mimi tisa. Nimesoma mpaka mwisho bila kulazimishwa."

Mabishano yaliyofuata yalikuwa na faida kuliko mada yoyote ambayo ningewaandalia. Je, kosa lilelile likijirudia tunalikata mara ngapi? Mpangilio wa mawazo una alama zake au tunauonea huruma tu? Walitoka na mwongozo wa kusahihishia wa nusu ukurasa, wameuandika wenyewe, na mtoto wa kata hii sasa anapimwa kwa kipimo kilekile cha mwenzake wa kata ya jirani.

Kuna jambo halisemwi sana: walimu wengi wa Kiingereza wanaogopa kukizungumza mbele ya wenzao. Darasani yeye ndiye bingwa, hakuna wa kumsahihisha. Kwenye kikao anaweza kuchekwa. Ukilazimisha kikao kiwe cha Kiingereza kitupu, wawili wataongea na wengine watakuwa na udhuru mara ijayo. Mimi naruhusu majadiliano kwa Kiswahili, ila dakika kumi za mwisho mmoja anafundisha kipande cha somo kwa Kiingereza, sisi tukiwa wanafunzi wake. Aibu hupungua zamu zikizunguka.

Mkikaribiana hivyo, tembeleaneni darasani. Mgeni akae nyuma na mchoro wa madawati, aweke tiki kila mwanafunzi anapofungua mdomo. Mwenye darasa atajionea mwenyewe kwamba tiki zimejaa mstari wa mbele, na nyuma hakuna.

Kuhusu kalenda, usipange kitu Oktoba na Novemba. Minada ya korosho imeanza, walimu nao wana mashamba, na mitihani ya kidato cha pili na cha nne inaangukia hapohapo. Masika nayo inakata njia kadhaa. Afisa Elimu Kata apewe taarifa na awape baraka, lakini asiwe mwenyekiti. Akikalia kiti kile, walimu wanaanza kutoa ripoti badala ya kusema kinachowashinda.

Kinachoua vikundi hivi kuliko vyote ni uhamisho. Mwanzilishi anahamia Morogoro, anaondoka na insha, miongozo na namba za simu. Kwa hiyo daftari la kikundi likae shuleni, kwenye kabati la mwalimu wa taaluma, na kila kikao kiandikwe na mtu tofauti. Mwalimu mpya akiripoti, akabidhiwe daftari hilo siku anayokabidhiwa ratiba ya vipindi.