Joto la Luxor si joto la Kondele

Jumamosi iliyopita imetokea tena. Tuko kwa mkutano wa maandalizi ya safari ya Misri hapa Kisumu, watu kumi na sita wamekaa, ndio nimefika tu kwa mambo ya kunywa maji kwa jua la huko, mzee mmoja akainua mkono akasema, "Kijana, sisi ni watu wa Kisumu, jua tumezaliwa nalo, hayo ya maji waambie wazungu." Ukumbi wote ukacheka, wengine wakapiga makofi. Hiyo sentensi naisikia kwa kila grupu ninayopeleka Misri na nimechoka nayo kabisa, kwa hivyo leo naandika yote hapa bila kukatizwa, manake kwa mkutano huwa napewa dakika kumi za maji halafu saa nzima inaisha kwa maswali ya mabomu na magaidi.

Hayo ya mabomu nijibu haraka tuendelee. Ndio, mwaka 1997 watu 62 waliuawa na magaidi pale hekalu la malkia Hatshepsut, upande wa magharibi wa mji wa Luxor, na mimi kila nikipanda ule mteremko nawakumbuka. Tangu hapo ulinzi ni mkali, mizigo inapitishwa kwa mashine, kuna polisi wa watalii kila mahali penye magofu. Sinai Kaskazini hatuendi, jangwa la kuelekea mpaka wa Libya hatuendi, na ukipotea au ukisumbuliwa namba ya polisi wa watalii ni 126. Basi. Kwa miaka yote ambayo nimekuwa kiongozi wa safari sijawahi kumkimbiza mtu wangu hospitali kwa sababu ya gaidi. Nimewakimbiza kwa sababu ya jua.

Sasa tuongee jua. Kisumu mchana tunacheza kwa nyuzi 28 mpaka 31, siku ikiwa mbaya inapita hapo kidogo na kila mtu analalamika. Luxor mwezi wa saba na wa nane inapita 40, na hiyo ni siku ya kawaida, haiwi habari kwa mtu yeyote. Lakini hata namba si kitu, kitu chenyewe ni jasho. Ukiwa soko la Kibuye hapa Kisumu saa saba mchana hewa ina unyevunyevu wa ziwa, jasho linakutiririka, shati linashika mgongo, unajiona umelowa, kwa hivyo unajua unapoteza maji na unatafuta soda. Luxor hewa ni kavu kama ndani ya oveni. Jasho likitoka linakauka papo hapo kabla hujaliona, ngozi iko kavu, shati ni kavu, unajisikia poa kabisa, na huku maji yanakutoka kushinda hata pale Kibuye. Angalia kola ya shati yako ya bluu ikifika saa nne, utaona mistari myeupe kama chaki. Hiyo ni chumvi yako.

Halafu kuna hili la "tumezoea". Sisemi ni uongo wote, mwili huzoea joto kweli, mtu wa mjengo anayeshinda juani wiki mbili mwili wake unabadilika, unaanza kutoa jasho mapema na kwa wingi ili ujipoze. Sasa nisikilizeni vizuri hapo, KWA WINGI. Kuzoea hakumaanishi unahitaji maji kidogo. Na wengi wenu hamjazoea hata hilo la Kisumu, mko ofisini na feni, mko kwa gari, mko chini ya mwembe. Watu wa Nakuru ndio sisemi, hao wanakuja na sweta, na angalau wao wananisikiliza, hawajidai.

Tena hewa ikishapita joto la mwili, yaani nyuzi 37, upepo ule unaoutegemea unakuletea joto zaidi, jiwe ulilokalia linakupa joto, ukuta ulioegemea unakupa joto, njia ya kupoa inayobaki ni jasho peke yake, na jasho ni maji uliyokunywa. Bonde la Wafalme, pale Luxor wafalme wa kale walikozikwa, ni sufuria ya mawe ya chokaa, kuta pande zote, hakuna mti hata mmoja, jua linakupiga kutoka juu na mawe yanakurudishia kutoka chini. Hekalu la Karnak ni afadhali, ule ukumbi una nguzo 134, nyingine zinafika mita 21, unaweza kuhama kivuli kwa kivuli ukiwa bado unaangalia michoro. Hatshepsut hakuna, ni uwanja mweupe na mteremko.

Na makaburi yenyewe yanawadanganya watu. Mtu anaona shimo lina giza anasema nikaingie nipumzike. Tiketi ya kawaida ya Bonde inakupa makaburi matatu, la mfalme Tutankhamun linalipiwa kando, na wengi wanachagua la mfalme Thutmose III kwa sababu wameambiwa ni zuri, na ni zuri kweli, lakini unapanda ngazi za chuma mpaka kwa ufa ulio juu ya jabali halafu ndio unashuka ndani. Huko chini kuna pumzi za watu wote walioingia tangu asubuhi. Unyevu huo ndio unaoharibu rangi za ukutani, ndio maana kwa kaburi la malkia Nefertari walikuwa wanakuruhusu dakika chache tu unatoka. Sasa jasho lako lililokuwa linakauka huko nje, humu halikauki tena, na jasho lisilokauka halipozi. Umetoka kwa oveni ukaingia kwa sufuria ya mvuke, na bado una zile ngazi za kurudi.

Hapo ndipo nilipokaribia kumpoteza mwalimu wangu. Ilikuwa Agosti. Mwalimu mstaafu, mama wa miaka 67, mtu aliyekuwa ameweka akiba yake ya chama miaka minne ili aone alichokuwa akifundisha darasani. Alitoka kwa kaburi la Thutmose amelowa chapa, akakaa kwa jiwe, akaniuliza, "Mwanangu, gari ya Ahero imeshajaa?" Nikacheka. Ahero iko huku kwetu Kisumu, nilidhani anatania, alikuwa mama wa mizaha. Akauliza tena, sauti ile ile, akanyoosha mkono kama anayetafuta begi lake na begi liko mapajani.

Dakika hizo mbili tatu nilizopoteza bado zinaniuma. Kwenye mafunzo nilifundishwa kwamba mtu aliyepigwa na joto ngozi yake inakuwa ya moto na kavu, na ngozi yake ilikuwa imelowa, kwa hivyo akili yangu ikasema ni uchovu tu. Si kweli. Mtu aliyekuwa anapanda na kushuka anaweza kuwa bado anatoka jasho na ndani anaungua. Dalili ya kuamini ni kichwa, mtu akianza kuongea vitu visivyoeleweka, akiyumba, akikasirika bila sababu, akisahau yuko wapi, hapo usingoje ngozi ikauke. Tulimvuta kivulini, tukamfungua vifungo, tukammwagia maji yote tuliyokuwa nayo, mama mwingine akavua leso yake tukailowesha tukamfunika, watu wanne wakampepea kwa kofia na maboksi, dereva akakimbia kwa muuza soda akarudi na barafu tukamwekea shingoni na kwapani. Kunywa hatukumlazimisha, mtu aliyechanganyikiwa ukimmiminia maji yanaweza kuingia kwa mapafu. Ambulensi Misri ni 123. Alilala hospitali siku mbili akarudi nyumbani mzima, namshukuru Mungu.

Jioni hiyo mwenzake wa chumba ndio akaniambia kitu ambacho kimebadilisha kazi yangu yote. Akasema, "Huyu tangu jana usiku hajanywa kitu. Alikunywa chai nusu kikombe. Alisikia huko hakuna choo."

Jamani. Hiki ndicho kitu kinachowaangusha watu wetu, hasa akina mama, na hakuna mtu anakiongelea. Mama anajua safari ni ndefu, anajua basi imejaa wanaume na hawezi kupiga kelele "simamisha", anajua akisimama kila mtu atajua anaenda wapi, kwa hivyo anaacha kunywa tangu usiku kama tunavyofanya tukisafiri na matatu kutoka hapa mpaka Nairobi. Nyumbani utafika na kiu tu. Luxor utafika kwa dripu. Mimi ni mwanaume, ninawezaje kumuuliza mama wa umri wa mama yangu kama amekojoa? Na hilo ndilo swali muhimu kushinda yote, kwa sababu mtu ambaye hajaenda tangu alfajiri, au mkojo wake una rangi ya chai ya rangi, amekauka hata kama anatabasamu.

Siku hizi kila grupu ina mama mmoja anayejua hiyo ndiyo kazi yake, anauliza wenzake kwa siri, ananiambia tu "tuko sawa" au "tungoje". Vyoo viko. Bonde la Wafalme viko pale mlangoni kabla ya kupanda vile vigari vya umeme, kwa hivyo watu wote wanaenda hapo, anayetaka na asiyetaka, natoa dakika ishirini na sikasiriki. Mlangoni mwa choo kuna mtu atakutazama anataka pesa kidogo, kwa hivyo badilisha upate noti ndogo ndogo za pauni za Misri siku ya kwanza. Nimeona mama akirudi bila kuingia kwa sababu alikuwa na noti kubwa tu akaona haya.

Cha pili, dawa. Mwalimu wangu alikuwa anameza dawa ya presha, ile inayokufanya uende choo mara kwa mara. Hiyo dawa kazi yake ni kutoa maji mwilini, na huku jua linatoa maji, na huku yeye hanywi. Msiache dawa jamani, sisemi muache, nasema muende kwa daktari wenu kabla ya safari mumwambie naenda mahali pa nyuzi 40, nifanye nini. Zile tembe za mafua na mzio zinazoleta usingizi nazo mtajeni, nyingine zinapunguza jasho.

Mnaniuliza lita ngapi. Zamani nilikuwa nasema lita nne kwa ujasiri kabisa, siku hizi sitoi namba moja. Nilikuwa na kijana alifuata namba yangu, akanywa maji matupu chupa baada ya chupa bila kula, jioni akaumwa kichwa akatapika, na maji matupu yakizidi chumvi ya damu inashuka, dalili zinafanana na za joto lenyewe, unaweza ukamwongezea maji ukamuumiza. Sasa nasema kunywa kidogo kidogo kutoka unapoamka, kula, ubebe pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, kutoka kwa duka la dawa, au uchanganye mwenyewe lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Halafu mtu wa presha aliyekatazwa chumvi ananiuliza na mimi je? Hapo huwa nasitasita mpaka leo. Huyo namtaka aje na neno la daktari wake, na yeye ndiye wa kwanza kurudishwa kwa basi.

Barabara, niseme upesi. Misri magari yanapita upande wa kulia. Sisi tumefundishwa tangu nasari kuangalia kulia kwanza, ukifanya hivyo Cairo gari itakutokea kushoto. Vuka na wenyeji, ukiwa katikati usirudi nyuma. Mkanda fungeni hata kama dereva anasema haina haja. Ngamia wa kule mji wa Giza kwenye piramidi, patana bei ya kupanda NA ya kushuka, na mtu akikushika mkono ati anakupeleka bure, hakuna bure.

Turudi kwa mwezi, kwa sababu hapa ndipo tunagombana. Mnataka Agosti, shule zimefunga na hoteli ni bei nafuu, nawaelewa, najua pesa ilivyotafutwa. Lakini mwezi wa kumi na mbili shule pia zimefunga, na Luxor mchana ni kama nyuzi 25, usiku utatafuta ile sweta ya Nakuru. Kwa bei ya juu kidogo utaona kila kitu ulichoenda kuona. Kama lazima iwe Agosti basi saa kumi na mbili asubuhi geti likifunguliwa sisi tuko hapo, saa nne tumeshatoka, mchana ni kulala, jioni ndio hekalu la Luxor, na tunakaa kando ya Nile na watu wa Kisumu wananyamaza wakifikiria kuna maji ya ziwa letu humo. Anayetaka kurudi Bonde saa sita mchana kwa sababu picha hazikutoka vizuri, jibu langu ni hapana, nikasirikiwe.

Mkutano unaofuata ni Jumamosi saa nane. Kila mtu aje na dawa zake zote zikiwa kwa pakiti zake zenye jina, msiniletee tembe zimefungwa kwa karatasi. Akina mama mje na leso mbili, moja ya kulowesha. Na yule mzee wa Jumamosi iliyopita nimemwekea kiti cha mbele.